Msinipumzishe

Jumapili iliyopita katekista Danieli,
kijana niliyempokea mimi mwenyewe kwa mikono hii
wodi ya wazazi, Weti, usiku wa mvua, umeme umekatika,
aliniambia kwa adabu zake zote:
“Mama Blandina, sasa pumzika.
Kengele ataipiga mwengine.”

Kengele yenyewe ni rimu ya lori
iliyofungwa mnyororo kwenye mfenesi.
Naigonga kwa nondo tangu nilipostaafu:
mara tatu, nanyamaza, mara tatu tena.
Sauti yake si tamu, bati lililodondoka.
Lakini Bi Raya, jirani yangu wa Limbani,
huijulia siku.
Akiisikia humwambia mjukuu:
“Leo Jumapili, kesho skuli, kafue shati.”
Nikiiacha mimi, shati nani atalikumbuka?

Tu kumi na mmoja.
Akihamishiwa askari kutoka bara tunakuwa kumi na wawili,
na siku hiyo tunaimba kwa kujivuna.

Macho, ndiyo, yamenigeuka.
Nimepokea watoto zaidi ya elfu kisiwani hapa,
wa kutanguliza miguu, wa mapacha, wa kitovu shingoni;
huyu mtoto wa jicho
ndiye pekee aliyenishinda.
Kwa hiyo Jumamosi, akitoka chuoni,
Suleimani wa Bi Raya hunisomea somo la kesho
barazani kwao, mara tatu, mpaka linikae.
Husoma kwa mahadhi aliyofunzwa,
huvuta panapovutwa, hukata panapokatwa,
nami nikisimama mbele Jumapili
nabii hutoka na mahadhi yayo hayo.
Katekista hushangaa. Simwambii.

Bi Raya husikiliza huku akichambua karafuu.
Juzi akauliza: “Na huyo Isaya, walimsikiliza?”
Nikasema, hawakumsikiliza.
“Basi,” akasema, akapeta ungo,
“watu ndio wao hao.”

Lakini msije mkaniandika mtakatifu.
Miaka minane nilikaa benchi moja na Eufemia Songoro
bila ya neno, kwa sababu ya kitambaa cha altare
alichokizidishia buluu kikatoka madoa,
nami nikasema nilichosema, mbele za watu.
Wakati wa kupeana amani
tulipeana ncha za vidole,
kama wanaopokezana chungu cha moto.
Kwaresima hii nilikata shauri.
Nikapanda Kipangani kwa mkongojo, nikipumzika njiani mara nne,
na fungu la mchicha, na maneno niliyoyapanga usiku kucha.
Mlangoni maneno yakanitoka yote, ukabaki mchicha.
Akanitazama. “Umechelewa,” akasema.
Kisha: “Ingia, chai inapoa.”
Kitambaa hatukukitaja.
Tulitajiana magoti.

Sala zangu zimepungua maneno.
Zamani nilimpangia Mungu kazi kama zamu za wauguzi:
huyu mponye, yule mpatie ajira, mvua iwe Jumanne.
Siku hizi nataja majina tu, jina baada ya jina,
kama nilivyokuwa nikipita kitanda kwa kitanda
na taa ya chemli mkononi
kutazama nani anapumua.
Jina la Bi Raya limo. La Danieli limo.
La Eufemia lilikuwamo hata miaka ile,
ila nililitaja haraka haraka.

Basi, Danieli mwanangu, kengele mpe huyo mwengine.
Mfunze: tatu, kimya, tatu. Kile kimya asikile.
Mimi nipe wagonjwa, nitakwenda pole pole.
Nipe wageni, wanaoingia mara ya kwanza
wasijue wakae wapi, wasimame lini;
benchi letu lina nafasi,
Eufemia amekonda, na mimi nimekonda.

Na kama ni kupumzika,
makaburi yetu yapo pale pale, hayajahama.
Nitafika.
Lakini leo kuna mzazi Bopwe hajapata wa kumkandia maji,
na Suleimani
hajamaliza sura.